Kikapu Kilipotoa Kitambi

Jamani, kiwanja chetu cha Goba kiko mteremkoni. Kila masika udongo unaondoka. Mimi na mume wangu tukanunua gabioni, vile vikapu vya waya vya kujaza mawe, tujenge ukuta wenyewe. Nikamwambia tufunge kwanza waya wa ndani, unaoshika mbele na nyuma. Akaniona mjuaji, akajaza mpaka juu. Kesho yake kikapu kimetoa kitambi! Tulinuniana siku mbili. Jumamosi akaita: "Mke wangu, njoo na plaizi." Tukatoa mawe yote. Theluthi moja, waya. Theluthi ya pili, waya. Mawe makubwa kuliko matundu, ya mbele tukayapanga kwa mkono. Umesimama wima. Wewe na mwenzio je, mnafunga waya mapema au mnangoja kitambi?