Nakala za akiba: kazi hii tuiachie mashine

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini aliamuru wakaaji wa mitaa 10 ya Goma waondoke. Wengine walishika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, wengine wakavuka mpaka wa Rwanda. Watu walibeba watoto, godoro, sufuria na vyeti. Katika saa kama hiyo, nani atakaa chini kunakili faili za kompyuta kabla ya kufunga mlango?

Swali hilo si la Goma peke yake. Lubumbashi, Kindu, Bukavu au Kinshasa, kompyuta ya nyumbani imekuwa sanduku la familia. Ndani yake kuna kazi ya mwisho ya masomo ya mtoto, picha za marehemu baba, karatasi za kiwanja zilizopigwa picha, hesabu za duka la mama. Sanduku zima linategemea disiki moja, na hakuna disiki isiyokufa. Umeme unakatika mtu akiwa katikati ya kuandika, kisha unarudi na nguvu ya kuchoma vyombo. Mwizi akiingia, mashine ndiyo anayoibeba kwanza.

Sote tunalijua hilo, na jibu letu ni lile lile: nitanakili kwenye flashi Jumamosi. Jumamosi inafika na salongo asubuhi na kilio cha jirani mchana. Flashi yenyewe iko kwa shemeji. Mwezi unapita, miwili inapita. Siku disiki inapokufa, nakala iliyopo ni ya mwaka jana.

Ndiyo maana tunasema: nakala inayongoja mtu akumbuke si akiba. Kazi hiyo ipewe mashine yenyewe, kwa saa iliyopangwa. Na chombo cha kuifanya wengi wetu tunacho tayari bila kulipa kitu zaidi.

Windows, tangu toleo la 8 lililotoka mwaka 2012, ina programu ambayo kwenye mashine zinazosema Kifaransa inaitwa Historique des fichiers. Chomeka disiki ya nje, ingia Panneau de configuration, fungua programu hiyo, chagua disiki, bonyeza Activer. Kuanzia hapo, kila saa moja inanakili faili zilizobadilika. Inatunza pia hali za zamani: mwanafunzi akifuta sura nzima ya kazi yake kwa makosa, ile ya jana bado ipo. Wenye kompyuta za Mac wana Time Machine tangu mwaka 2007, nayo inanakili kila saa.

Lakini kupanga mara moja na kusahau kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni folda. Historique des fichiers inachukua folda za kawaida: Documents, picha, muziki, video na zile za Bureau. Faili uliyoitupa pembeni, moja kwa moja kwenye disiki C, haiguswi. Ihamishie ndani ya Documents.

Wa pili ni umeme. Mashine iliyozimwa hainakili kitu. Anayepata umeme saa mbili kwa siku asibaki na ratiba ya kila saa. Aingie Paramètres avancés na kuifanya iwe kila dakika 10 au 15.

Wa tatu ndio mkubwa. Disiki inayokaa imechomekwa usiku na mchana itaungua na umeme ule ule na kuibiwa na mwizi yule yule. Virusi vinavyofunga faili ili kudai pesa, kama WannaCry iliyozunguka dunia Mei 2017, vinaweza kuifunga pamoja na mashine. Kwa hiyo nakala ya pili ikae nje ya nyumba: kwa dada wa mtaa mwingine, au kwenye intaneti. Google inatoa gigabaiti 15 bure, OneDrive inatoa 5. Hizo zinatosha kwa karatasi na masomo, hata kama video ya harusi haitaingia. Na kwa kuwa megabaiti zetu zina bei, chagua folda moja ya mambo ya lazima ndiyo ipande.

Wengine watasema intaneti peke yake inatosha. Wakumbuke tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi: intaneti ilikatwa nchini, na ilirudi baada ya karibu wiki tatu. Aliyeweka kila kitu huko alikaa kungoja.

Tunajua pia kwamba disiki ya nje si bei ya mkate. Kwa nyumba nyingi ni chakula cha siku nyingi. Lakini ndugu wawili au watatu wanaweza kununua moja na kugawana nafasi, na asiye na uwezo huo aanze na flashi moja isiyoazimwa, kwa ajili ya karatasi na masomo tu. Vyuo vikuu navyo vina sehemu yao. Siku mwanafunzi anapopewa mwalimu wa kumwongoza katika kazi ya mwisho, aonyeshwe pia namna ya kupanga nakala zake. Ni somo la nusu saa, na linaweza kuokoa mwaka mzima wa masomo.

Mwisho, jaribu. Leo jioni umeme ukiwapo, chukua faili moja kutoka kwenye disiki ya akiba, irudishe, ifungue, uisome. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Na jambo hili lifanyike sasa wakati kuna utulivu, kwa sababu siku ya kukimbia hakuna atakayepata nafasi ya kunakili. Kilicho tayari ndicho kitakachobebwa, na disiki inaingia mfukoni.