Waliobomoa Libya Wamekwenda Wapi?



Kuna neno ambalo husemwa hata na watu wenye elimu na wacha Mungu, nalo nimechoka kulisikia: kwamba Waarabu walipata uhuru mwaka 2011 wakashindwa kuutumia. Husemwa baada ya taarifa ya habari, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Leo napenda kulikataa waziwazi, kwa maana ni la uongo, na tena linawafaa mno wale wanaostahili kuulizwa maswali.

Tuitazame Libya. Tarehe 17 Machi 2011 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1973, likiruhusu hatua zote zinazohitajika kuwalinda raia dhidi ya majeshi ya Muammar Gaddafi. Nchi kumi ziliunga mkono, tano hazikupiga kura, wala hapana iliyopinga. Katika zile kumi walikuwamo Nigeria, Gabon na Afrika ya Kusini. Hili nasi Waafrika tusilifiche. Lakini je, azimio lilisema serikali iangushwe? Halikusema. Mabomu yalianza kuanguka tarehe 19, siku moja kabla ya safari waliyoipanga wajumbe wa Umoja wa Afrika kwenda kutafuta suluhu, nao wakanyimwa ruhusa ya kuruka. Walipofika hatimaye, mwezi Aprili, Gaddafi aliukubali mpango wao. Waasi wa Benghazi wakaukataa, kwa kuwa haukumtaka aondoke. Je, wangeukataa kwa wepesi ule kama ndege za NATO zisingekuwa juu yao? Ulinzi wa raia ukageuka kuwa vita ya kumng'oa mtawala, hata alipouawa tarehe 20 Oktoba karibu na Sirte.

Mimi simlilii Gaddafi. Sisi Watanzania tunakumbuka kwamba mwaka 1979 askari wake walipigana nasi katika ardhi ya Uganda, walipokuja kumwokoa Idi Amin (ingawa alipokufa wako wetu wengi waliomlilia, kana kwamba mwaka huo haukuwapo). Katika gereza la Abu Salim, mwaka 1996, waliuawa wafungwa wanaokadiriwa kufika 1,200, na maandamano ya Benghazi yaliwaka baada ya kukamatwa kwa mwanasheria wa familia zao. Watu wale walikuwa na haki ya kuchoka. Hoja yangu ni nyingine: mtu avunjaye nyumba ya jirani kwa madai ya kumwokoa aliyemo ndani, hawezi kukung'uta mikono na kwenda zake mvua inapoanza.

Nao wamekiri wenyewe. Mwezi Septemba 2016 Kamati ya Mambo ya Nje ya Bunge la Uingereza ilieleza kwamba tishio kwa raia lilitiwa chumvi, na kwamba serikali yao haikulipima vema. Nchi hiyo ilitumia takribani pauni milioni 320 kwa kupiga mabomu, na takribani milioni 25 kwa kujenga upya. Mwaka huohuo Barack Obama alisema kwamba kutojiandaa kwa siku ya baada ya vita huenda lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote katika urais. Ungamo tumelisikia. Malipizi yako wapi?

Silaha za Libya zilivuka jangwa, na mwaka 2012 Mali ikawaka moto. Februari 2015 Wakristo 21, Wakopti 20 wa Misri na mwenzao mmoja wa Ghana, walichinjwa ufukweni. Walikuwa vibarua waliokwenda huko kutafuta riziki, na mwaka 2023 Baba Mtakatifu Fransisko aliyaingiza majina yao katika orodha ya mashahidi ya Kanisa la Roma. Mwaka 2017 dunia iliona picha za Waafrika wakinadiwa kama mbuzi.

Na wale wanaosema Waarabu hawajui demokrasia watueleze kuhusu Bahrain. Tarehe 14 Machi 2011, siku tatu tu kabla ya azimio la Libya, askari wa Saudi Arabia waliingia humo kusaidia kuwanyamazisha waandamanaji. Huko ndiko yaliko makao ya Kikosi cha Tano cha wanamaji wa Marekani, azimio halikupitishwa. Wamisri walipiga kura mwaka 2012. Rais wao akapinduliwa na jeshi Julai 2013, na mwezi uliofuata mamia ya watu wakauawa kwa siku moja katika uwanja wa Rabaa, Cairo. Marekani ilizuia sehemu ya msaada wake wa kijeshi, dola bilioni 1.3 kwa mwaka, kisha mwaka 2015 ikaufungulia. Nani hapo aliyeshindwa kuutumia uhuru?

Ulaya nayo imepata jibu lake. Tarehe 2 Februari 2017 Italia ilitia saini mapatano na serikali ya Tripoli, yaliyoungwa mkono na Umoja wa Ulaya, ya kuwapa walinzi wa pwani ya Libya fedha, boti na mafunzo ili wawakamate wahamiaji baharini na kuwarudisha katika kambi ambako hupigwa na kutozwa fidia. Mapatano hayo yaliongezewa muda mwaka 2020, na tena mwaka 2023. Juni ya mwaka huo 2023 meli ya wavuvi iliyotoka Tobruk, ikiwa na watu wanaokadiriwa kufika 750, ilizama karibu na Pylos, Ugiriki. Wanawake na watoto walikuwa wamewekwa chini, tumboni mwa meli. Waliookolewa ni 104, wote wanaume na wavulana.