Tiyo iko chini ya nyumba zetu. Mwenyewe ni nani?

Bandugu bijana wa Manika,

Kila mmoja wetu anajua ile harufu. Unatoka asubuhi, unafungua mlango wa parseli, unakuta maji meusi yamekwisha kukata njia. Mama ameweka matofali mawili ili watoto wapite na viatu vya masomo bila kukanyaga. Jirani anamwanga mchanga. Siku mbili kisha, maji yanatokea tena, mita tano mbali. Tunaruka, tunaendelea. Tumezoea, na njo shida ya kwanza.

Leo tunasema juu ya kitu ambacho hakuna mwanasiasa anapiga nacho picha wakati wa kampeni: matiyo ya maji machafu ya mitaa yetu ya zamani.

Mji huu ulijengwa na Union Minière tangu miaka ya 1930, juu ya mine. Katika kambi za wafanyakazi kampuni iliweka nyumba, dispansere, masomo, na chini ya udongo iliweka matiyo. Haikuwa upendo: mkazi mwenye kuharisha hashuki mine. Mwaka 1967 Leta ilichukua kampuni, ikawa Gécamines, lakini desturi ilibaki. Tiyo ikipasuka, unaita ekipi ya kampuni, inakuja na pelle. Ba papa wetu hawakujifunza kujiuliza tiyo ni ya nani. Ilikuwa ya kampuni, kama vile nyumba, kama vile hospitali, kama vile unga wa mwisho wa mwezi.

Kisha kampuni ikaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Miaka kumi kisha, haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ikakatika. Kuanzia 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile kazi waliyoiita « kuondoka kwa hiari ». Nyumba nyingi zikabaki kwa mikono ya wafanyakazi na watoto wao. Mtu alipewa karatasi ya nyumba. Karatasi ya tiyo, hakuna aliyepewa.

Hapa njo kuna kiini cha mambo yote. Tulizunguka kuuliza. Ofisi moja ilituambia tuone ofisi ingine. Ile ingine ikatuambia tiyo ya maji safi ni yao, ya maji machafu hapana. Ya tatu ikatuambia kila mwenye parseli ajipange. Kumbe tiyo inapita chini ya parseli kumi na tano mbele ya kufika mwisho. Namna gani mtu mmoja atatengeneza kipande chake, wakati uchafu wa watu kumi na nne unapita kwake?

Kwa wakati huo mzigo unaongezeka. Nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja, leo iko na jamaa tatu ao ine, pamoja na ba lokateri wa aneksi nyuma. Vesé ni ileile, tiyo ni ileile. Na tuseme ukweli hata kama unatuuma: wengine wetu walijenga ukuta juu ya tundu la kukagulia. Wengine walichukua mfuniko wa chuma, wakauuzisha kwa kilo. Tunatupa ndani saché, vitambaa, mchanga wa kusugulia sufuria. Hatuwezi kudai haki na kuficha mikono.

Lakini tusidanganyike, hii si habari ya harufu tu. Tiyo ya maji machafu na tiyo ya maji ya kunywa zinalala karibu karibu, pengine ndani ya shimo moja. Maji ya kunywa yakiwa na nguvu, yanasukuma uchafu inje. Maji yakikatika, na sote tunajua namna yanakatika, tiyo inabaki tupu na inaanza kuvuta. Palipo na ufa, inavuta kile kilicho karibu. Maji yakirudi asubuhi, glasi ya kwanza anaikunywa mtoto. Wenye visima na forages hawajapona: uchafu unashuka polepole udongoni mpaka kule ndoo inakoshuka. London ililipa somo hili mwaka 1854, wakati daktari John Snow alionyesha kwamba kolera ya mtaa mmoja ilitoka kwa pompi moja, na kando ya kisima chake kulikuwa shimo la choo lenye kuvuja. Zaidi ya watu 600 walikufa. Siye hatuhitaji kuhesabu maiti ili tuamini.

Watatuambia: kuchimba ni ghali, ni ngumu. Kuchimba? Hapa Kolwezi? Tangu 2014, kule Kasulo, watu walishuka makumi ya mita chini ya vyumba vyao vya kulala kutafuta kobalti, kwa nyundo na kamba. Kampuni zinahamisha vilima vizima. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya jamaa zilizotolewa mu nyumba zao hapa Kolwezi ili mine zipanuke. Kwa kobalti, udongo unafunguka kila siku. Kwa tiyo iliyolala mita moja chini, udongo unakuwa jiwe.

Watatuambia pia: franga haiko. Tusome sheria. Kodi ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inagawa redevansi ya mine hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa provinsi, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% kwa komini, sekta ao sheferi mahali mine inachimba. Redevansi ya shaba ni 3.5%, ya kobalti ni 10%. Na Katiba, kifungu cha 3, inasema komini inajitawala yenyewe na inasimamia mali yake. Kwa hiyo hatuombi msaada kwa mtu. Tunauliza mali yetu inafanya kazi gani.

Na watatuambia: mufanye salongo. Tunafanya, na tutaendelea. Lakini salongo inasafisha mtaro wa juu. Haiwezi kubadilisha tiyo iliyopasuka. Wengine hata walizibua kwao kwa fimbo, na kesho yake uchafu wote ukatokea kwa jirani wa chini. Kazi hii inaanzia chini, kule maji yanakomea, na inapanda juu, kipande kwa kipande, na mtelemko uliopimwa. Ni kazi ya mpango, na mpango unahitaji mwenyewe.

Basi, tunadai mambo ine kwa komini ya Manika:

1. Iandike wazi, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba matiyo ya maji machafu ya mitaa ya zamani ni mali ya wote na komini njo mwenye kuyasimamia. Ikae na Gécamines, REGIDESO na provinsi, na ramani zote zilizobaki zitolewe.

2. Itundike mlangoni hesabu ya ile 15%: imeingia ngapi, imetoka kwa kazi gani. Na ndani ya bajeti kuwe mstari wenye jina la matiyo haya.

3. Ianze na sehemu zilizopasuka karibu na masomo, visima na matiyo ya maji ya kunywa, mbele ya mvua ya kwanza. Mvua ikianza, hakuna atakayechimba.

4. Kazi ipewe bijana wa mitaa hii, kwa kontra na mshahara. Tuko na ba mason, ba plombie, na wengine kama sisi wenye diplome ndani ya kabati na hakuna kazi. Kupima mtelemko na kuchora ramani tunajua.

Upande wetu, hatungoji. Kuanzia wiki hii, kila avenyu ichague watu wawili. Chukua telefone, piga picha ya kila tundu, kila mahali maji yanatoka, andika avenyu na namba ya parseli. Usipige picha ya watu ndani ya nyumba zao. Tutaunganisha yote kwa ramani moja, na tutaipeleka komini kwa mikono, mchana, kwa amani, pamoja na barua. Tutaomba akize ya kupokea. Tusipojibiwa, tutarudi, tukiwa wengi kupita.

Na wewe uliyejenga juu ya tundu, hatukuji kukushitaki. Tunakuomba ufungue.

Ba papa wetu walikuwa na kampuni ya kuita. Siye hatuna wa kuita, lakini tuko na komini, tuko na sheria, na tuko wengi. Tiyo hii ni yetu. Tuseme hivyo kwa sauti, kisha tuitengeneze.

Siye bijana wa harakati ya raia, Manika, Kolwezi