Mnyooshe, Usimvute: Kiswahili katika Tiba ya Viungo vya Watoto Nakuru

Wahenga walinena kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii aghalabu hutajwa yanapozungumziwa malezi na nidhamu. Kwa mtoto ambaye viungo vyake havikui ipasavyo, hata hivyo, ina maana ya moja kwa moja, kwani misuli na mifupa ya utotoni hurekebishika kwa wepesi kuliko ya ukubwani. Huo ndio msingi wa tiba ya viungo kwa watoto. Tiba hiyo ina upande ambao wasomi wa Kiswahili hawajaushughulikia vya kutosha, nao ni lugha.

Mama atokaye Molo, Subukia au Rongai kumpeleka mwanawe hospitali mjini Nakuru huonana na mtaalamu kwa muda mfupi, kisha hurejea nyumbani. Huko, siku baada ya siku, yeye ndiye mtabibu, na dawa aliyopewa ni maelezo. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 2021, ni makutano ya Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya, Abagusii na wengineo. Mtaalamu na mama wasipochangia lugha ya kwanza, hukutana katika Kiswahili, ilhali mtaalamu huyo amefunzwa kwa Kiingereza.

Chukua mfano wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Misuli yake iliyokaza ikivutwa kwa ghafla huzidi kukaza. Ikinyooshwa polepole na kushikiliwa, hulegea. Kwa hivyo, tofauti baina ya "mvute mguu" na "mnyooshe mguu taratibu" ni tofauti ya kitiba. Istilahi yenyewe, mtindio wa ubongo, ina walakini pia. Hutumiwa kwa hitilafu inayoathiri mwendo, na papo hapo hutumiwa kwa ulemavu wa akili. Mzazi aisikiapo yamkini akaamini kuwa mwanawe hawezi kufunzwa lolote, ingawa watoto wengi wa hali hiyo wana akili timamu. Akikata tamaa, mazoezi huachwa na viungo hukakamaa.

Kadhalika, mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani hutibiwa kwa njia iliyobuniwa na daktari Ignacio Ponseti. Hufungwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, takribani saa 23 kwa siku kwa miezi 3, na baadaye anapolala hadi miaka 4 hivi. Mama asiyeelezwa sababu, auonapo mguu umenyooka, huenda akavivua mapema, na mguu ukapinda tena.

Wapo watakaodai kuwa mtaalamu huonyesha kwa mikono, hivyo maneno si hoja. Ni kweli kwamba mikono huonyesha namna ya kufanya. Sababu ya kuendelea kufanya, miezi na miaka, huelezwa kwa maneno.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa lugha isiyomdunisha. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kina wanafunzi wa Kiswahili na wa udaktari. Hapana budi waketi pamoja, waandike maelezo ya ukurasa mmoja kwa kila zoezi, na wawasomee akina mama kabla ya kuyachapisha. Mama akishindwa kuyafuata, yaandikwe upya.