Chai si Ugali

Kila mwaka mvua zinapokatika na watu kurudi kwenye bustani za bondeni, swali moja huzuka. Je, mboga zipewe chai ya mbolea iliyotengenezwa nyumbani, au zinunuliwe zile chupa zenye picha nzuri ziuzwazo mnadani? Wasomaji wapenzi, leo tulitazame jambo hili kwa hesabu, wala si kwa ubishi. Maana fedha itokayo kwa ajili ya chupa ni ile ile inayongojewa na madaftari ya watoto, chumvi na sabuni.

Katika kijiji kimoja mume na mke walishindana juu ya jambo hili. Mchicha wao ulikuwa umeanza kugeuka manjano. Baba akataka kuchukua chupa mbili za busta kwa mkopo, zilipwe mboga zitakapouzwa. Mama akasema fedha ya mboga ni ya sare ya binti yao, na samadi imejaa zizini bure. Nani ana haki? Tusifanye haraka kuhukumu. Kwanza tuvijue vitu vyenyewe.

Tuanze na chupa. Usiitazame picha, tazama maandishi madogo. Yatakuambia chupa ina naitrojeni kiasi gani, yaani kile chakula kinachokuza majani na kuyafanya ya kijani. Tuseme chupa ina nusu kilo, na imeandikwa naitrojeni asilimia 10. Basi ndani mna gramu 50 tu za chakula hicho. Kilo 1 ya urea ina gramu 460, maana urea ni asilimia 46. Kwa hiyo chupa nzima yashindwa na mikono michache ya urea. Gawanya bei ya chupa kwa gramu zake, ugawanye na bei ya urea vile vile, nawe utajionea mwenyewe.

Hapo watu husema, “Lakini chupa hunyunyiziwa majanini, nayo hufanya kazi upesi.” Ni kweli. Jani hunywa upesi, lakini hunywa kidogo. Kwa sababu hiyo busta yafaa pale ambapo mmea umekosa kitu unachohitaji kwa uchache sana, kama vile zinki au boroni. Hapo chupa njema yaweza kuokoa mazao. Lakini kulilisha shamba la mahindi kwa chupa ni kazi nyingine. Magunia 10 ya mahindi, kila moja kilo 100, hutoka shambani na naitrojeni ipatayo kilo 15. Kwa chupa zetu za gramu 50, hizo ni chupa 300! Nani atazinunua?

Tena, katika Tanzania Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 yataka mbolea inayouzwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, yaani TFRA. Chupa isiyo na maandishi ya kueleza kilichomo, inayouzwa na mtu asiyejulikana aliko wiki ijayo, iache pale pale ilipo. Na chupa ya mkopo iogope zaidi, kwa kuwa deni halijali kama mchicha umeota au umekauka.

Sasa tuje kwenye chai ya nyumbani. Kazi yake ni nyepesi. Chukua samadi iliyooza vizuri, au mboji, kilo 30 hadi 50. Itie katika gunia, ulifunge kwa kamba, ulining'inize kwa mti ndani ya pipa la lita 200 lililojazwa maji. Funika pipa. Kila baada ya siku tatu hivi, lisukesuke gunia lile ndani ya maji. Baada ya wiki mbili chai iko tayari. Changanya kopo moja la chai na makopo mawili ya maji, au zaidi, mpaka rangi iwe kama chai nyepesi ya kunywa. Samadi ya kuku ni kali, iongezee maji mengi kuliko ya ng'ombe. Mimina kwenye udongo, karibu na shina.

Asiye na mifugo asikate tamaa. Ule mmea wenye maua ya manjano uotao kando ya njia na kwenye mipaka ya mashamba, watu wauitao alizeti pori, una chakula kingi. Majani yake yakikaushwa, katika kila kilo 100 mna naitrojeni kama kilo 3 na nusu, na potasi kama kilo 4. Wakulima wa magharibi ya Kenya wameyatumia kwa mbolea miaka mingi. Katakata majani mabichi, yatie katika pipa la maji, yaoze wiki mbili, kisha yachanganye na maji kama tulivyosema. Harufu yake si nzuri, basi liweke pipa mbali na jiko.

Lakini chai hii nayo isisifiwe kupita kiasi. Samadi kavu ya ng'ombe, kilo 100, huwa na naitrojeni kama kilo 1 hadi 2, na ile iliyonyeshewa mvua na kupigwa jua huwa na pungufu. Majini huingia sehemu tu ya chakula hicho. Kwa hiyo makapi yaliyobaki guniani usiyatupe, yafukie kwenye tuta. Samadi na mboji katika udongo ndiyo ugali wa mmea. Chai ni chai: huburudisha, hutia nguvu asubuhi, lakini hakuna alimaye mchana kutwa kwa kikombe cha chai peke yake.

Huko Marekani, wako wanaouza chai ya mboji kwa bei kubwa, pamoja na mashine za kupuliza hewa ndani yake, wakisema kwamba huzuia magonjwa ya mimea. Wataalamu wa vyuo vikuu wameijaribu mara nyingi. Pengine imesaidia, pengine haikusaidia kitu. Dawa ambayo leo yafanya kazi na kesho haifanyi si ya kulipiwa fedha nyingi na mtu wa matuta manne.

Yapo mambo ya kuangalia, na haya si ya mchezo. Samadi mbichi huwa na vijidudu viletavyo ugonjwa wa tumbo. Usiinyunyize chai kwenye majani ya mboga, wala usiitumie kwenye nyanya, karoti na saladi ziliwazo mbichi zinapokaribia kuvunwa. Sheria za kilimo hai za Marekani zataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi itiwe hadi mavuno, ikiwa kinacholiwa chagusa udongo, na siku 90 ikiwa hakigusi. Wengine hutia sukari au molasi ili chai “ichemke” vizuri. Acheni. Majaribio yameonyesha kwamba molasi huvilisha hata vijidudu vya ugonjwa vikaongezeka. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi. Na pipa lifunikwe kwa kifuniko kizito, mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane humo.

Turudi kwa mume na mke wetu. Dawa ya ugomvi wao iko kwenye majani yenyewe. Kama majani yanayogeuka manjano ni yale ya chini, yaliyozeeka, mara nyingi mmea una njaa ya naitrojeni. Hapo mama ana haki: samadi na chai yake zatosha kwa matuta ya mchicha, na sare itanunuliwa. Kama ni majani machanga ya juu, yenye mishipa ya kijani na manjano katikati, huenda kimekosekana kitu kingine, na baba hakukosea kufikiria chupa. Lakini amwulize kwanza bwana shamba, anunue moja tu, na kwa fedha taslimu. Na kama tuta limejaa maji, hakuna chai wala chupa itakayosaidia. Chimba mfereji.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi pimeni matuta matatu yaliyo sawa. La kwanza lipate maji matupu, la pili chai ya nyumbani, la tatu chupa, kama mnayo. Mtoto wa shule aandike mafungu yaliyochumwa kila tuta na fedha iliyotumika. Baada ya mwezi mmoja daftari litatoa hukumu, wala hapatakuwa na haja ya kugombana.

Wiki ijayo tutasema juu ya kuhifadhi mbegu za mchicha.