WAKILI NA WAFUNGWA WA GUANTANAMO

Ndugu walimu na watumishi wa umma, kumbukeni jinsi pwani yetu ilivyomshangilia Barack Obama aliposhinda uchaguzi mwaka 2008. Hata kanga zenye sura yake ziliuzwa. Baba yake Mkenya, basi tukasema ni wetu! Wachache walikumbuka kwamba mtu huyo kazi yake ilikuwa sheria: alihitimu Harvard mwaka 1991, akafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1992 hadi 2004. Wakili hapimwi kwa nasaba.

Tarehe 22 Januari, 2009, siku mbili baada ya kuapishwa, alitia saini amri ya kulifunga gereza la Guantanamo, kisiwani Kuba, ndani ya mwaka mmoja. Mlikuwamo watu 242, wengi wao hawajashitakiwa kwa lolote. Mmoja alikuwa Mzanzibari, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyetuhumiwa kwa mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Simtetei, damu ile ilikuwa yetu. Alipelekwa mahakama ya kiraia New York, na mwaka 2010 akaonekana hana hatia katika mashitaka zaidi ya 280, ana hatia katika moja tu. Kwa hilo moja alifungwa maisha.

Mahakama, basi, ilitimiza wajibu wake. Lakini wanasiasa walikasirika, kana kwamba kazi ya jaji ni kuhesabu hatia! Bunge la Marekani likapiga marufuku wafungwa wengine kupelekwa huko. Mwalimu wa katiba alilalamika, kisha, Januari 2011, akaitia saini sheria hiyo hiyo. Machi akafungua upya njia ya kesi za kijeshi. Watetezi wake husema marufuku hiyo ilifungamanishwa na bajeti ya ulinzi. Ni kweli, lakini haki ya kukataa kutia saini alikuwa nayo, na hakuitumia.

Alipoondoka madarakani Januari 2017, walibaki 41.

Sisi wa Pujini tunaishi kando ya magofu ya ngome ya Mkama Ndume, na darasani hatusiti kumwita dhalimu, kama wazee walivyotusimulia. Yeye hakupata kuifundisha katiba ya nchi yoyote. Je, mwanafunzi akituuliza wengi wa wale 41 walishitakiwa kwa kosa gani, tutamjibu nini?