Mama, toka nyuma ya pazia



Mwanzo wa juma hili niliwaomba wanafunzi wangu watafute vitu vilivyotengenezwa Uchina. Dakika tano hazikuisha, meza ilikuwa imejaa: kalamu, mifuko ya shule, tochi, hata simu yangu mwenyewe. Tukafungua ramani, tukaanza kuzungumza juu ya nchi hiyo. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza: «Madamu, huko wanawake nao wanatawala?»

Nikawaelezea habari za Wu Zetian. Aliingia katika jumba la mfalme akiwa msichana, mke wa cheo cha chini. Baadaye akawa mke mkubwa wa mfalme Gaozong. Bwana yake alikuwa mgonjwa mara nyingi, naye mama akazoea kazi ya kuongoza. Mwaka 690 akaketi mwenyewe kwenye kiti cha ufalme, akakaa hapo mpaka 705. Alikuwa mkali, na watu waliuawa, sikuwaficha hilo. Lakini pia aliipa nguvu mitihani ya kuchagua watumishi wa serikali, ili mtu asipate kazi kwa jina la ukoo tu.

«Na nani alimfuata?» Hakuna. Katika zaidi ya miaka 2,000 ya wafalme wakuu wa Uchina, ni mwanamke huyo peke yake aliyebeba jina hilo. Mwingine, Cixi, aliongoza miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1908, lakini kwa jina la mtoto mfalme. Mtoto aliketi mbele ya watu, na yeye alisikiliza mashauri akiwa nyuma ya pazia. Mafundisho ya zamani yalimwambia mwanamke amtii baba yake, kisha bwana yake, na akifiwa na bwana, amtii mtoto wake wa kiume. Hata mwaka 2022, chama kinachotawala kilipochagua viongozi wake wa juu 24, hapakuwa na mwanamke hata mmoja kati yao.

«Na hapa kwetu?» akauliza tena. Mvulana mmoja akajibu haraka: «Hapa hakuna.»

Jibu hilo liliniuma, wamama. Hao ni watoto wa Bunia, na hakuna mtu aliyewaambia habari za mama Pétronille Vaweka! Mwezi wa nne mwaka 2003, Ituri ikiwaka moto, wajumbe walikutana hapa mjini kutafuta amani. Waliunda baraza la muda la Ituri, na mama huyo akachaguliwa kuliongoza. Mwezi uliofuata vita viliingia katikati ya mji. Wengi wetu tunakumbuka tulikimbilia wapi. Yeye aliendelea kuzungumza na wakubwa wa makundi yenye silaha, akiwafuata huko huko walipokuwa. Baadaye akawa komisera wa distrikti ya Ituri, na mwaka 2023 alipewa zawadi huko Marekani kwa ajili ya kazi ya amani.

Niliwataja pia Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo, mwaka 1966, na Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu, mwaka 2024. Hesabuni wenyewe: kati ya hao wawili imepita miaka 58. Mwanamke mmoja akipanda juu, mlango haubaki wazi peke yake. Wengine wasipomfuata, unafungwa.

Sasa tuangalie nyumbani kwetu. Katika shule moja nilipofundisha zamani, mkutano wa wazazi ulijaa wamama. Wababa walikuwa wachache, lakini karibu komite yote ilikuwa yao. Tulipotafuta mtunza feza, nilitaja jina la mama mmoja muuza samaki. Alikuwa anashika likelemba ya wenzake miaka mingi, na hakuna franga iliyopotea. Akasimama, akasema: «Acha kwanza niulize nyumbani.» Hawakumngojea. Baba mwingine alichaguliwa, na mwisho wa mwaka mama yule yule ndiye walikuja kumwomba awasaidie kupanga hesabu zilizochanganyika. Alifanya kazi yote. Jina lake halikuandikwa popote. Hilo nalo ni pazia.

Kuzungumza na bwana ni jambo zuri. Nyumba inajengwa kwa kusikilizana. Lakini tujue sheria. Zamani Kode ya Jamaa ilidai mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kabla ya kutia sahihi mapatano au kwenda mbele ya tribinali. Tangu sheria ya mwezi wa saba mwaka 2016, ruhusa hiyo haidaiwi tena. Na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 14, inataka wanawake na wanaume wawe sawa katika kazi za uongozi wa nchi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, zungumzeni nyumbani mapema, mbele ya siku ya uchaguzi wa komite, ili ukitajwa uweze kujibu «ndiyo» hapo hapo. Pili, msiende mkutanoni bila kupatana: kikundi kichague mama mmoja, na wengine wamuunge mkono kwa kura. Wamama tunajaza ukumbi, kisha kura zetu tunawapa wengine. Tatu, mwacheni msichana akae chini na daftari lake jioni, na kaka yake naye achote maji.

Msichana yule wa nyuma ameniomba nimwandikie jina la mama Vaweka kwenye daftari. Nimemwandikia. Nyinyi nanyi, usiku wa leo, waambieni watoto wenu habari za mama huyo.